Moshi wa Kukodi

Treni iliyoitangaza Kenya duniani kuliko nyingine yoyote haikuwa ikijivuta yenyewe. Ni ile ya filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, inayokata nyika mwanzoni huku Meryl Streep akiwa safarini kwenda kuolewa. Injini yenyewe ilikuwa kikongwe cha makumbusho ambacho moto wake ulikuwa umezimika zamani. Watengenezaji wa filamu waliificha injini ya dizeli nyuma yake iwe inaisukuma, na ule moshi mweusi uliowakonga nyoyo watazamaji waliupata kwa kuchoma matairi. Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kunaswa katikati ya maandamano anaijua harufu yake.

Sina kinyongo na ujanja huo. Kilichonisumbua ni kwamba umefanikiwa mno. Miaka arobaini imepita na bado watu wanavuka bahari wakitafuta moshi, ilhali tangu mwaka 2017 kuna Madaraka Express, safi, yenye kiyoyozi, inayokufikisha Mombasa kabla hujamaliza gumzo, na sijasikia mtalii aliyerudi kwao akaisimulia. Basi Ijumaa moja nikaamua kuwafuata wageni hao wanakoanzia, kisha niendelee na reli hadi wanakoishia kwa kawaida kutazama dirishani tu: Kibera, halafu upande wa Kawangware.

Makumbusho ya Reli yako mwendo mfupi kutoka stesheni kuu ya Nairobi. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati injini za mvuke zingali kazini na Shirika la Reli la Afrika Mashariki bado halijavunjika. Ndani ya jumba kuna vitu ambavyo kila mwongoza wageni huanza navyo kwa sababu havimwangushi kamwe: benchi la kufungwa mbele ya injini, ambalo wageni wa heshima kama Theodore Roosevelt mwaka 1909 waliketishwa wakatazame wanyama, na nje, behewa ambamo simba alimburuta mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, pale Kima mwaka 1900. Simba huyo amelisha watu wengi tangu wakati huo. Mimi sikukaa hapo sana.

Nilikwenda moja kwa moja uani, kwa 5918.

Picha haziwezi kukuandaa kwa ukubwa wake. Mount Gelai, ndilo jina lake, ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock kule Manchester kati ya 1955 na 1956. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252. Ujanja wake ni wa Herbert Garratt, Mwingereza aliyefikiria kuliondoa boila juu ya magurudumu na kulining'iniza katikati ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hivyo boila likapata nafasi ya kunenepa, uzito ukagawanyika kwenye magurudumu mengi, na dude zima likaweza kupinda kona za milimani. Ukisimama mbele yake unaona jambo la ajabu: pipa lenye kipenyo cha zaidi ya mita 2 limekaa juu ya njia yenye upana wa mita 1. Kwa hesabu za kawaida lingepaswa kuanguka.

Nilipanda hadi chumba cha dereva. Chuma kilikuwa kimepigwa jua hadi hakishikiki, ila mkono mmoja tu, ule wa kufungulia mvuke, ulikuwa laini na unang'aa pale viganja vilipokuwa vikiushika. Pembeni ni mahali pa vioo vya kupimia maji. Maji yakipungua humo, dereva na mchochea moto wake hawana muda wa kujadiliana. Kiti cha dereva ni kidogo, kigumu, kama cha mtu ambaye hakutarajiwa kukaa sana. Kila kitu kiko wazi: valvu, paipu, mlango wa moto, na huhitaji digrii kufuata kwa kidole njia ya mvuke kutoka unapozaliwa hadi unapokwenda kusukuma.

Chini, mzee mmoja wa Kijerumani alikuwa akizunguka injini na kijitabu, akinakili namba zilizogongwa kwenye vyuma. Mkewe alikuwa ameketi kivulini akijipepea na kofia. Mzee alipogundua ninasikia Kiingereza chake, alinieleza bila kuulizwa kwamba nyumbani kwao amestaafu kazi ya kompyuta, na katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona kwa macho kitu alichokuwa akikifanya. Akagusa ule mtaimbo mrefu unaounganisha magurudumu, akaupapasa. Hapa, alisema, naona.

Nadhani huyo alinipa jibu zaidi ya vijitabu vyote vya utalii. Tumezoea kuambiwa kwamba watu wanapenda treni za mvuke kwa sababu ya kuukumbuka ukoloni wa kahawa na kofia za jua, na wapo wa aina hiyo, tena hawajifichi. Lakini kule Wales, reli ndogo ya Talyllyn ilipokuwa karibu kufa, watu wa kujitolea waliichukua mwaka 1951 na kuiendesha wenyewe wakipaka grisi Jumamosi na Jumapili bila mshahara. Reli ya Darjeeling nchini India, yenye upana usiofika hata sentimita 62, iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1999, na mtu anayekwea nayo ile milima anaisikia ikihema kila kona. Kinachouzwa huko ni kazi inayoonekana. Dizeli hufanya kazi ndani ya sanduku. Mvuke hutoka jasho hadharani, na anayelipa nauli huketi akitazama.

Ndiyo maana pia udanganyifu haukosekani. Hata Rovos Rail ya Afrika Kusini, treni ya matajiri iliyowahi kufika Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA, hutoa injini ya mvuke iwapendeze abiria kwenye stesheni yake yenyewe kule Pretoria, kisha safari yenyewe inavutwa na injini za kisasa. Mgeni akishuka anasimulia mvuke. Ni haki yake, ameulipia.

Kabla sijaondoka nilipita kwa nyingine mbili. Ya kwanza ni 3020, Nyaturu, ya daraja ambalo kila injini ilipewa jina la kabila la Afrika Mashariki. Ya pili ni 6006, ya daraja la 60 ambalo zilizo nyingi zilipewa majina ya magavana wa Kiingereza: hii ni Sir Harold MacMichael. Baadaye shirika liliyang'oa majina ya magavana. Milima na makabila yakabaki. Nyaturu na Mount Gelai ziliwahi kuwashwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikavuta safari za wapenzi wa reli, kwa kuwa ua wa makumbusho umeunganishwa na njia kuu na injini ikipata uhai inaweza kutoka yenyewe langoni. Siku niliyokwenda zilikuwa baridi. Watoto wa shule waliovalia sweta za kijani walikuwa wakipanda juu ya matangi, na mwalimu wao akiwaita kwa majina yao yote matatu.

Jioni nikakata tiketi ya treni ya Kikuyu. Mvua ilikuwa imeanza, na mvua Nairobi maana yake ni nauli ya matatu kupanda maradufu, kwa hiyo stesheni ilijaa. Treni hii haina mtu anayeiandikia makala. Asubuhi huleta wafanyakazi mjini, jioni huwarudisha. Unasimama umebanwa kati ya begi la fundi bomba na mama mwenye kuku wawili ndani ya kikapu, madirisha yamefunga ukungu wa pumzi za watu, na hakuna anayetazama nje isipokuwa mimi. Njia hii yenyewe si ile ya kwanza kabisa. Reli iliyofika Nairobi Mei 1899 ilipanda kuelekea Kikuyu kwa kupitia palipo Uhuru Highway leo na ilipohamishwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo ikapitishwa Kibera. Madereva wanaolaani msongamano wa Uhuru Highway wanakanyaga tuta la reli bila kujua.

Unajua umefika Kibera kwa honi. Dereva huanza kuipiga mbali na haachi. Sababu unaiona ukishuka: reli ndiyo barabara. Ndiyo njia pekee pale iliyonyooka na iliyoinuka juu ya matope, na wenyeji huitembea kwa hatua wanayoijua ya kukanyaga taruma moja na kuruka la pili. Zamani vibanda vilikuwa vimeikumbatia hadi treni ikikaribia watu wanavuta viatu vya mtumba na matandiko yao ndani, inapita, wanarudisha. Mradi wa kuwahamisha waliokuwa kandokando, uliogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga ukuta na nyumba za ghorofa za wale waliohamishwa. Nafasi ikapanuka. Biashara ikarudi polepole kujaza nafasi, maana biashara haijui michoro. Nilikuta mtu anakaanga samaki hatua nne kutoka relini, na mwingine amepanga chaja za simu juu ya gunia kwa rangi zake.

Nilikuwa na miadi Makina, humo humo Kibera, kwa nyanya mmoja wa Kinubi ambaye mjukuu wake ni rafiki yangu. Wanubi ndio wazee wa Kibera: askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan na kupewa makazi hapa tangu mwaka 1904. Mwaka 1918 zilitengwa ekari 4,197. Hati ya jumuiya waliyokabidhiwa hatimaye mwaka 2017 ni ya ekari 288. Nyanya alinikaribisha na chai ya tangawizi, ukutani nyuma yake zimetundikwa sinia za ukindu za rangi kali walizofuma wanawake wa ukoo. Nikamwambia nimetoka kuangalia magarimoshi ya zamani na kwamba kuna wazungu wanaoyalilia.

"Wanayalilia?" Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwanangu, wao walikuwa wanafua nguo?"

Akanieleza. Injini zilichoma mafuta mazito, na moshi wake ulishuka na chembe nyeusi za mafuta ambazo ukizifuta kwa mkono ndio umeharibu kabisa. Siku ya kuanika mashuka meupe, mama yake alimweka mtoto mmoja asikilize. Garimoshi likisikika linakuja kutoka mjini, linavyopumua kwa shida pale linapopanda, watoto walitoka mbio kukunja kamba nzima ya nguo na kuingia nayo ndani. Wakati mwingine ilikuwa ni kengele ya uongo, na nguo zikarudishwa nje, na mama akazozana na msikilizaji. Alisema hayo yote kwa furaha dhahiri. Nilimuuliza kama angependa lirudi. Alifikiri kidogo. "Lirudi Jumapili," alisema. "Jumapili hatufui."

Watalii wanaokuja Kibera siku hizi huletwa kwa miguu. Kuna vijana wa hapa wanaowaongoza, na karibu kila ziara hupita relini, maana filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa hapa na kila mgeni anataka ile picha: reli, mabati ya kutu hadi upeo wa macho, mtoto anayetembea. Sipendi ziara hizi, na sijifichi. Mtu kulipia kutazama umaskini wa mwenzake ni jambo linaloniwasha, hata vijana wanaopata riziki hapo wanaponiambia, kwa haki, kwamba riziki yao hainihusu. Ila namna ya kutazama nayo hutofautiana. Mwaka 2009 msanii Mfaransa JR alifunika mapaa ya hapa, mita za mraba 2,000, kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera, akitumia nyenzo isiyopitisha maji ili mvua isiingie ndani. Kisha akabandika macho ubavuni mwa treni, na sehemu ya chini ya nyuso hizo kwenye mabati yaliyo mteremkoni chini ya reli. Treni ilipopita, kwa sekunde moja macho yalikutana na midomo, nyuso zikakamilika, na treni ikaenda nayo macho. Nyanya aliikumbuka. Alisema kwa mara ya kwanza treni ndiyo iliyokuwa ikitazamwa vizuri.

Na treni hii ina mengine. Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliing'oa reli hapa Kibera. Shehena ya Uganda ikakwama. Wale walioshika mitaimbo walijua wazi kwamba wameshika koo la nchi mbili. Hakuna mwongozaji aliyeniambia hilo, na ndilo ningemweleza mgeni kwanza, kabla ya simba wa Kima. Njia hii si pambo la nyuma ya nyumba. Ni hiyo hiyo iliyopeleka treni ya Kisumu ilipofufuliwa Desemba 2021, na hakuna njia nyingine ya reli ya mita moja ya kutoka Nairobi kwenda Kisumu.

Maana yake ni hii: siku yoyote Mount Gelai au Nyaturu itakapowashwa na kupelekwa upande wa Kikuyu kuonyesha wageni mandhari ya ukingo wa Bonde la Ufa, lazima ipite hapa, taratibu, honi ikilia. Mtalii aliyelipia kofia za jua na mashuka meupe atapita katikati ya Kibera kwa mwendo wa baiskeli. Waandaaji wa safari watashawishika kupita alfajiri, watu wangali wamelala. Mimi ningetaka isimame. Stesheni ipo. Dakika arobaini zatosha kununua chai, samaki na sinia za nyanya, kwa bei atakayoitaja yeye. Reli ya zamani ya Mombasa ililisha watu wengi kwa kusimama tu: mayai, mahindi, machungwa yaliyopitishwa dirishani.

Kesho yake asubuhi nikapanda boda kwenda Kawangware, tukafuata Ngong Road kisha Naivasha Road, tukapenya hadi steji ya 46. Treni haiingii Kawangware. Hupita nje yake ikielekea Dagoretti. Nilikuja kwa sababu ya mtu: mlinzi wa makumbusho alikuwa amenipa namba ya mzee aliyefanya kazi ya boila katika karakana ya Nairobi miaka ya mwisho ya mvuke, na aliyeitwa tena injini zilipofufuliwa. Siku ya Jumamosi Kawangware ni soko kuanzia barabarani hadi mlangoni mwa mtu. Nilipita kati ya marundo ya sukuma wiki, spika zinazoshindana, na mafundi wanaogonga masanduku ya bati, hadi kwenye ploti ya mzee, vyumba sita vya kupangisha na chake cha saba.

Alikuwa mtu mfupi, mkavu, sikio la kushoto halisikii vizuri. Kazi ndiyo iliyolichukua, alisema, akalionyesha bila huruma kama anayeonyesha cheti. Nilipouliza ni nini kinahitajika kuiwasha 5918, hakusita. Boila lake hubeba shinikizo la ratili 225 kwa kila inchi mraba, na ndani mna mirija tele ambayo kila mmoja hutanuliwa ncha zake kwa nyundo na chombo maalumu hadi ushike bila kuvuja. Mmoja ukivuja, unazima moto, unasubiri ipoe, unaingia. Kuingia ni kuingia kweli: alikuwa akitambaa ndani ya tanuru, na taa mkononi, chuma kingali na joto la jana. Kisha unahitaji mkaguzi atakayethubutu kutia sahihi. Kisha maji. Zile bomba kubwa za maji za stesheni, zilizokuwa zikiinamishwa juu ya tangi, hakuna tena, kwa hiyo utafuatwa na malori ya maji kama mradi wa barabara. Na moto hauwashwi asubuhi ya safari. Unawashwa usiku wa kuamkia siku hiyo, pole pole, maana chuma kinene kikipashwa kwa haraka hupasuka, na lazima mtu akeshe nacho.

"Hao wageni wanakuja saa ngapi?" aliuliza.

Nikasema labda saa mbili asubuhi.

"Wakati huo sisi tumeshafanya kazi saa kumi na mbili."

Nikamuuliza waliobaki ni wangapi wanaojua kazi hiyo ya mirija. Akahesabu kwa vidole, akitaja majina na mitaa: mmoja Nakuru, mmoja amerudi kwao Maseno, mmoja ni mgonjwa. Mkono mmoja ulitosha. Nikamwambia kuhusu Mjerumani na kijitabu chake, jinsi alivyopapasa ule mtaimbo. Hilo lilimpendeza. Alitaka kujua kama alipapasa upande wa mbele au wa nyuma, kwa kuwa wa nyuma ndio waliobadilisha wao wenyewe, na namba zake hazilingani na za kiwandani. Nilisema sikuangalia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mpangaji mmoja akaja kulipa kodi kwa simu na kuonyesha ujumbe wa M-Pesa. Mzee akavaa miwani, akausoma hadi mwisho, akamrudishia.

"Na wakikuita tena, mzee," nikasema, "utakwenda?"

"Nitakwenda. Lakini waulize kwanza wanalipa ngapi kwa siku, na kama ni pamoja na usiku."